Kusoma Majibu ya Kipimo cha Kromosomu Y: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Nasaba ya Kuumeni

Wasomaji wengi wanaoomba msaada kuhusu kipimo hiki huwa wamekwama mahali pale pale. Wamepokea majibu, wameona herufi kubwa yenye namba mbele yake na orodha ya majina ya watu wasiowajua, kisha ama wamelichukua jina la kwanza na kuliingiza kwenye mti wa familia, ama wamefunga ukurasa wakiamini kwamba pesa zao zimepotea. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: wametarajia kipimo kiwatajie babu.

Kipimo cha kromosomu Y hakimtaji mtu. Kinalinganisha wanaume wawili na kueleza kama yawezekana wametokana na mwanaume mmoja kwa mlolongo wa baba na mwana usiokatika, na kwa makadirio, ni vizazi vingapi vimepita tangu matawi yao yalipoachana. Jina la babu huyo na mahali alipoishi vitatoka kwenye nyaraka na masimulizi ya wazee. Anayelielewa jambo hili kabla ya kufungua majibu yake amekwisha kuepuka nusu ya makosa ninayoyaona.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Mwanaume anayefaa kupimwa. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake. Mwanamke anayefuatilia ukoo wa baba yake amwombe baba, kaka, baba mkubwa, baba mdogo, au mtoto wa kiume wa mmoja wa hao. Mtoto wa dada hafai, kwa kuwa kromosomu Y yake ni ya ukoo wa baba yake mwenyewe. Anayetafuta ukoo wa babu mzaa mama amwombe babu huyo, mjomba, au mtoto wa kiume wa mjomba.
- Ridhaa ya mtu huyo, iliyotolewa baada ya kuelezwa kwamba majibu yanaweza kuonyesha kuwa nasaba inayosimuliwa na nasaba ya damu hazilingani.
- Nasaba ya kuumeni iliyoandikwa kizazi kwa kizazi, ikionyesha kila kiungo kimethibitishwa na nini: cheti, daftari la ibada, hati ya ardhi, au masimulizi tu.
- Lahajedwali au daftari lenye safu za kutosha.
- Majibu ya kipimo cha kromosomu Y chenyewe. Vipimo vya kawaida vya vinasaba mchanganyiko, vinavyotumika kutafuta ndugu wa pande zote, havitoshi kwa kazi hii. Kampuni ya 23andMe hutoa haplogrupu ya kuumeni, yaani tawi lako kwenye mti wa kuumeni wa wanadamu wote, lakini haitoi alama za kulinganisha, na AncestryDNA haitoi hata hiyo haplogrupu.

Hatua ya 1: Andika swali moja kabla ya kufungua majibu

Swali zuri huhusu wanaume wawili au matawi mawili, na linaweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Kwa mfano: «Je, babu wa babu yangu na mwanzilishi wa ukoo wa jirani wenye jina kama letu walikuwa watoto wa baba mmoja?» Swali la namna ya «Sisi tunatoka wapi?» halijibiki kwa kipimo hiki, kwa sababu linahusu wahenga wote, ilhali kromosomu Y inafuata mmoja tu. Ukirudi nyuma vizazi 10 una nafasi 1,024 za wahenga, na kipimo hiki kinakupa habari ya mwenye nafasi moja kati ya hizo.

Sababu ya kuliandika mapema ni kwamba majibu yana mvuto wake. Anayeanza na orodha ya majina huishia kutunga swali linaloendana na jina lililomvutia.

Hatua ya 2: Tambua ni kitu gani kilichopimwa

Kuna aina mbili za taarifa ndani ya kromosomu Y, nazo hufanya kazi tofauti.

Ya kwanza ni alama za marudio, ambazo ripoti huziita STR. Mahali fulani kwenye kromosomu, kipande kifupi cha herufi za vinasaba hujirudia mara kadhaa, na namba unayoiona ndiyo idadi ya marudio hayo. Alama yenye jina DYS393 ikiwa na thamani 13 maana yake kipande hicho kimejirudia mara 13. Vipimo hutajwa kwa idadi ya alama: 12, 25, 37, 67 au 111. Marudio hubadilika mara kwa mara, yaweza kuongezeka au kupungua, na yaweza hata kurudi yalipokuwa.

Ya pili ni mabadiliko ya herufi moja, yanayoitwa SNP. Herufi moja hubadilika kwa mwanaume mmoja, na wazao wake wote wa kuumeni huirithi. Badiliko la aina hii ni nadra sana kurudi nyuma, hivyo ndilo linalotumiwa kujenga mti wa haplogrupu. Kipimo cha kina kama Big Y-700 cha kampuni ya FamilyTreeDNA husoma mamilioni ya herufi na kutafuta mabadiliko haya moja kwa moja.

Angalia ripoti yako ina kipi kati ya hivi viwili, au vyote, kisha andika juu ya lahajedwali lako. Mtu mwenye alama 12 tu asijaribu kujibu swali la vizazi vitano, kwani hana zana ya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Soma haplogrupu bila kuipa uzito isiokuwa nao

Haplogrupu ni tawi la mti wa kuumeni wa wanadamu wote. Matawi makuu hupewa herufi kuanzia A hadi T, na ndani yake kuna matawi madogo yanayotambulishwa kwa badiliko linaloyafafanua, kama R-M269, E-M2 au J-M267. Herufi ya kwanza ni tawi kuu. Kinachofuata kistari ni jina la badiliko.

Ukikutana na majina marefu ya mtindo wa R1b1a2 kwenye makala za zamani, usiyalinganishe moja kwa moja na majibu yako. Majina hayo yalikuwa yakibadilika kila mti ulipofanyiwa marekebisho: tawi la R-M269 liliwahi kuandikwa R1b1a2, na baadaye likaandikwa R1b1a1b, ingawa ni tawi lile lile. Tumia jina lenye badiliko, kwa kuwa halibadiliki. Fahamu pia kwamba badiliko moja laweza kuwa na majina kadhaa yaliyotolewa na maabara tofauti. L21, M529 na S145 ni badiliko moja.

Hapa kuna makosa matatu yanayojirudia.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mtu mwenye haplogrupu kama yako ni ndugu yako wa karibu. Wanaume wawili wanaoshiriki R-M269 peke yake wana babu wa pamoja aliyeishi zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Hakuna mti wa familia unaofika huko.

Kosa la pili ni kinyume chake, nalo huvunja utafiti mzuri. Mtu mmoja ana jibu R-M269, ndugu yake anayedhaniwa ana jibu R-U106, basi wanahitimisha kwamba hawana undugu. Lakini U106 ni tawi lililomo ndani ya M269. Huenda wote wawili ni R-U106, ila mmoja alipimwa juujuu na mwingine akapimwa kwa kina. Kabla ya kutamka kwamba haplogrupu mbili zinapingana, fungua mti na uone kama moja iko chini ya nyingine. Zinapingana pale tu zinapokuwa matawi mawili yaliyoachana, kama R-U106 na R-P312.

Kosa la tatu ni kuchukua haplogrupu kuwa jina la kabila au dini. Haplogrupu ni kongwe kuliko makabila yanayojulikana leo, na kila kundi kubwa la watu lina haplogrupu kadhaa ndani yake. Ramani za rangi zinazoambatana na majibu zinaonyesha mahali tawi hilo linapopatikana kwa wingi sasa, na hilo haliwezi kukuambia babu yako alizungumza lugha gani.

Mwisho, tazama kama haplogrupu yako imethibitishwa au imekisiwa. Anayepima alama za marudio peke yake hupewa haplogrupu iliyokisiwa kutokana na mpangilio wa namba zake. Makisio ya tawi kuu kwa kawaida ni ya kuaminika, lakini yanaishia juu sana kwenye mti. Umeimaliza hatua hii ukiweza kueleza tawi lako liko chini ya lipi, limethibitishwa au limekisiwa, na babu wa tawi hilo ni wa kale kiasi gani.

Hatua ya 4: Hesabu umbali wa kijenetiki kwa mkono wako

Kampuni hukupa umbali wa kijenetiki tayari umehesabiwa, lakini nakusihi uuhesabu mwenyewe angalau kwa wale wanaohusu swali lako, maana namba hiyo huficha mambo.

Weka thamani zako kwenye mstari mmoja na za mwenzako chini yake. Kwa kila alama, andika tofauti. Ukiwa na 24 naye ana 25, tofauti ni 1; ukiwa na 24 naye ana 26, tofauti ni 2. Jumlisha, na jumla hiyo ndiyo umbali wa kijenetiki. Hiyo ndiyo kanuni ya jumla, na ina vighairi ambavyo ni lazima uvijue.

Alama ya DYS389 huripotiwa mara mbili, DYS389i na DYS389ii, na thamani ya pili inajumuisha ya kwanza ndani yake. Tuseme una 13 na 29, mwenzako ana 14 na 30. Ukihesabu kijuujuu utapata tofauti mbili. Sasa toa ya kwanza kwenye ya pili: 29 toa 13 ni 16, na 30 toa 14 ni 16. Sehemu ya pili haikubadilika kabisa. Badiliko ni moja.

Alama nyingine zina nakala zaidi ya moja kwenye kromosomu, kama DYS385, DYS459, YCAII, CDY, na DYS464 ambayo kwa kawaida ina nakala nne. Maabara huorodhesha thamani zake kuanzia ndogo hadi kubwa bila kujua ipi ni ya nakala ipi. Tukio moja laweza kunakili sehemu juu ya nyingine, hivyo 15-15-17-17 ikageuka 15-15-15-15 kwa mara moja. Ukiona tofauti kubwa iliyojikusanya kwenye alama za aina hii, ilhali alama nyingine zote zinalingana, usikimbilie kusema undugu haupo.

Ukiona sifuri au kistari mahali pa namba, maana yake maabara haikupata thamani, mara nyingi kwa sababu ya badiliko mahali kipimo kinaposhika. Hesabu hiyo kuwa tofauti moja, usiichukue kama tofauti ya marudio 12 au 13.

Kisha angalia tofauti ziko wapi. Alama hazibadiliki kwa kasi sawa. CDY, DYS576, DYS570, DYS449, DYS456, DYS458 na DYS464 hubadilika upesi. DYS426, DYS388, DYS392, DYS454 na DYS455 hubadilika polepole mno. Tofauti mbili kwenye CDY na DYS576 zaweza kutokea ndani ya vizazi vichache, lakini tofauti mbili kwenye DYS426 na DYS392 huashiria utengano wa zamani zaidi, hata kama jumla ya umbali ni ile ile 2. Hii ndiyo sababu ninayosisitiza kuhesabu kwa mkono: namba moja ya jumla hulinganisha vitu visivyolingana.

Hatua ya 5: Geuza umbali kuwa vizazi, kwa tahadhari

Katika alama 37, mstari mmoja wa baba na mwana hupata wastani wa badiliko moja katika vizazi vitano hivi. Unapolinganisha wanaume wawili, hesabu njia zote mbili: kutoka kwako kupanda hadi kwa babu wa pamoja, kisha kushuka hadi kwa mwenzako. Ikiwa babu huyo yuko vizazi vitano juu ya kila mmoja wenu, kumekuwa na nafasi 10 za kurithishana, na tofauti mbili ni jambo la kutarajiwa. Wengi husahau upande wa pili wa njia, wakaona tofauti mbili kuwa nyingi mno.

Lakini huo ni wastani tu, na mabadiliko hutokea kwa bahati. Baba na mwana wanaweza kutofautiana alama moja. Wanaume walioachana vizazi 10 wanaweza kulingana alama zote 37. Kwa sababu hiyo jibu la kweli huwa ni kipindi, wala halijawahi kuwa mwaka mmoja. Wanaume wanaolingana 37 kwa 37 wana uwezekano wa takriban asilimia 95 kwamba babu wao wa pamoja yumo ndani ya vizazi saba au vinane. Wanaolingana 12 kwa 12, kipindi hicho hurefuka hadi karibu vizazi 30. Ndiyo maana mtu mwenye mpangilio wa alama ulio wa kawaida sana, kama ule wa tawi la R1b wa Ulaya ya magharibi unaoanza na 13, 24, 14, 11, hujikuta na wingi mkubwa wa watu wanaolingana naye kwenye alama 12 ambao hawana uhusiano wowote wa maana na familia yake.

Ripoti zikikupa makadirio ya mwaka, soma kipindi chote kilichotajwa, kuanzia mwaka wa mapema hadi wa mwisho. Ukinakili mwaka wa katikati peke yake kwenye mti wako, umeandika kitu ambacho kipimo hakikusema.

Hatua ya 6: Chuja orodha ya wanaolingana nawe

FamilyTreeDNA humweka mtu kwenye orodha yako akiwa na umbali usiozidi 4 kwenye alama 37, 7 kwenye alama 67, na 10 kwenye alama 111. Mipaka hii ni ya kupanga orodha. Haitenganishi ndugu na asiye ndugu. Mtu mwenye umbali wa 5 kwenye alama 37 hataonekana hapo, lakini huenda akaonekana kwenye 111 akiwa na umbali wa 6, na huyo ni jamaa wa kuzingatiwa. Kagua kila kiwango.

Anza na waliopimwa alama nyingi kuliko wote. Kwa kila mmoja andika umbali, idadi ya alama, haplogrupu iliyothibitishwa, babu wa mbali zaidi anayemtaja, na mahali babu huyo alipoishi. Kisha ondoa wale ambao haplogrupu yao iliyothibitishwa imeachana na yako maelfu ya miaka iliyopita. Kufanana kwa alama zao na zako ni kwa bahati: marudio yamepanda na kushuka mpaka yakakutana. SNP ikipingana na alama za marudio, fuata SNP.

Jina la ukoo lisaidie, lisiamue. Mwenye jina kama lako na umbali wa 3 kwenye alama 37 anastahili barua leo. Mwenye umbali huo huo na jina tofauti asitupwe, kwa kuwa kuna jamii ambazo mtoto hubeba jina la kwanza la baba yake na jina hubadilika kila kizazi, na kuna koo zilizochukua jina la kudumu si zamani sana.

Kama orodha yako ni tupu, hiyo haina maana kwamba huna jamaa. Ina maana kwamba jamaa zako hawajapimwa, na suluhisho lake ni hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Pima tawi la pili

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jibu la mwanaume mmoja linahusu mwanaume mmoja. Halithibitishi kwamba babu uliyemwandika juu ya mti alikuwa na kromosomu hiyo, kwa sababu hujui kama mlolongo kati yao haukukatika.

Tafuta wazao wawili wa kuumeni wa babu unayemchunguza, waliotokana na wana wake wawili tofauti. Kadiri matawi hayo yalivyoachana mapema ndivyo uthibitisho unavyokuwa na nguvu. Kuwapima ndugu wawili wa baba mmoja kunathibitisha baba yao tu. Kuwapima wazao wa wana wawili wa babu wa kizazi cha sita kunathibitisha viungo vyote vya njia zote mbili kwa mkupuo mmoja, mradi wakilingana kwa umbali unaofaa na kwenye tawi moja la SNP.

Mfano unaojulikana sana unaonyesha nguvu ya njia hii na mipaka yake. Mwaka 1998 Eugene Foster na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho kuhusu Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, na watoto wa Sally Hemings aliyekuwa mtumwa wake. Jefferson hakuacha wazao wa kuumeni kutoka kwa mkewe, kwa hiyo watafiti waliwapima wazao wa Field Jefferson, ndugu wa baba yake. Kromosomu yao ililingana na ya mzao wa Eston Hemings, na haikulingana na ya wazao wa Thomas Woodson, ambaye familia yake ilisimulia kwamba naye alikuwa mtoto wa Jefferson.

Zingatia kile ambacho kipimo hicho hakikuweza kufanya. Thomas alikuwa na mdogo wake, Randolph, mwenye kromosomu Y hiyo hiyo, na walikuwepo wanaume wengine wa ukoo huo. Vinasaba vilisema baba wa Eston alitoka katika ukoo wa kuumeni wa Jefferson. Ni nyaraka za Monticello, shamba la Jefferson, zinazoonyesha kwamba Thomas alikuwa nyumbani kipindi kila mtoto wa Sally alipotungwa mimba, ndizo zilizowafanya wanahistoria wengi wamtaje yeye. Swali lako nalo likifika kwenye kuchagua kati ya ndugu wawili, jiandae kurudi kwenye nyaraka.

Utajua umefaulu hapa utakapokuwa na majibu ya wanaume wawili kutoka matawi mawili yaliyoandikwa, nayo yanalingana au hayalingani waziwazi. Yote mawili ni matokeo mema ya utafiti.

Hatua ya 8: Majibu yasipolingana

Usifute chochote na usimwambie mtu mwingine kwanza. Kagua kama sampuli hazikubadilishana, kama aliyepimwa kweli anafuata mlolongo wa baba tupu bila mwanamke katikati, na kama haplogrupu zinapingana kikweli kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 3. Makosa ya karatasi ni mengi kuliko siri za familia.

Ikiwa kila kitu kiko sawa, mlolongo umekatika mahali fulani, na sababu ni nyingi: mtoto aliyelelewa na baba wa kambo na kuchukua jina lake, mtoto aliyebeba jina la upande wa mama, mgeni aliyepokelewa katika ukoo, au mtoto wa nje ya ndoa. Kipimo hakikuambii ni ipi. Wala hakikuambii ni katika tawi lipi au kizazi kipi, mpaka upime mtu wa tatu.

Mifupa ya Richard III, mfalme wa Uingereza aliyeuawa mwaka 1485, ilipatikana Leicester mwaka 2012, na majibu yake yalichapishwa mwaka 2014. Vinasaba vya upande wa kuukeni viliafikiana na vya jamaa walio hai. Kromosomu Y haikuafikiana na ya wanaume watano ambao, kwa mujibu wa nyaraka, walitokana na mfalme Edward III kama yeye. Wanne kati ya watano walikuwa kwenye tawi moja la R1b, Richard akiwa kwenye G, na wa tano alikuwa kwenye I. Mlolongo wa huyo wa tano ulikuwa umekatika karibuni, kwa kuwa alitofautiana hata na jamaa zake wanne. Mkatiko ule mwingine ulikuwa popote kati ya Richard na babu wa wale wanne, na hakuna kilichoonyesha ni mahali gani.

Tumia mantiki hiyo hiyo. Mtafute mzao wa mwana wa tatu. Akilingana na mmoja wa wawili wa kwanza, mlolongo wa hao wawili una uzito, na mkatiko uko kwenye tawi la yule aliyebaki. Kisha shuka ndani ya tawi hilo ukimpima binamu wa karibu zaidi kila mara, mpaka kizazi chenye mkatiko kijulikane.

Aliyetoa sampuli ndiye wa kwanza kuelezwa, faraghani, na ndiye anayeamua nani mwingine aelezwe. Kama ni mzee aliyekubali kwa sababu ya heshima kwako, wajibu wako ni mkubwa zaidi. Majina ya watu walio hai yasiwekwe hadharani.

Hatua ya 9: Amua kama kipimo cha kina kinahitajika

Kipimo cha kina cha SNP kina manufaa katika hali mbili: unapotaka kujua kama kufanana kwa alama ni kwa kweli au kwa bahati, na unapotaka kutenganisha matawi ya wana wa babu mmoja. Katika Big Y-700 hupatikana wastani wa badiliko jipya moja kwa kila miaka 80 na zaidi kidogo kwenye mstari mmoja. Wazao wa mwana mmoja wakiwa na badiliko ambalo wazao wa kaka yake hawana, basi mtu yeyote mpya mwenye badiliko hilo anawekwa kwenye tawi lake bila ubishi.

Mabadiliko yanayoonekana kwako peke yako huorodheshwa kama ya binafsi. Hayana kazi mpaka mtu mwingine apatikane nayo, kwa hiyo kumpima mmoja kwa kina bila mwenzake ni kununua nusu ya jibu. Kama fedha zinatosha watu wawili kwa alama 37 au mmoja kwa kipimo cha kina, anza na wawili.

Hatua ya 10: Andika hitimisho lenye mipaka yake

Andika aya moja inayotaja waliopimwa kwa namba za sampuli, wametokana na wana gani wa babu husika kwa mujibu wa nyaraka gani, walipimwa nini, umbali wao, tawi la SNP, na kile ambacho ushahidi huu hauwezi kukitenganisha. Hitimisho zuri husomeka hivi: «Wanaume wawili waliotokana, kwa mujibu wa madaftari ya ibada, na wana wawili wa babu huyu wanalingana alama 109 kati ya 111 na wako kwenye tawi moja lililothibitishwa. Ushahidi unaafikiana na nyaraka, lakini haumwondoi kaka wa babu huyu kuwa baba wa mmoja wa wana hao.»

Orodha ya wanaolingana nawe itaendelea kukua kadiri watu wanavyopimwa, na mti wa haplogrupu utaendelea kugawanyika. Ifungue tena kila baada ya miezi michache, umpitishe kila mtu mpya kwenye hatua ya 4 hadi ya 6, na uandike tarehe ya kila marekebisho pembeni mwa hitimisho lako ili anayelisoma ajue lilitegemea ushahidi wa wakati gani.